Kila Mke Wangu Akiingia, Brauza Inajifunga

Mpendwa Mama Millicent, naomba msaada wako upesi, maana kikao ni Jumapili, na barua hii nimeileta kwa mkono mpaka mlangoni pa ofisi ya gazeti lenu hapo mjini kwa kuogopa isichelewe njiani. Mimi ni mtu wa miaka hamsini na sita, nakaa Uthiru, nilikuwa karani wa masjala katika ofisi moja mjini mpaka nilipostaafu mwaka jana, na jina langu unaweza kulichapisha kwa sababu Uthiru yote inanizungumzia tayari. Mke wangu ni Peres, fundi wa nguo mwenye kibanda chake Kinoo, na tumeishi kwa amani miaka ishirini na saba ukiondoa ile shida ya batamzinga, ambayo nitaieleza.

Shida ya sasa ililetwa na laptop. Binti yetu Debra anafanya kazi Loresho, na ofisi yao ilipobadilisha mashine mwaka juzi alipewa moja ya zamani akatuletea, akaitayarisha yeye mwenyewe, akaweka programu ya kukagua virusi, akaniambia baba hii usiiguse, na mimi sijaigusa. Wakati huo nilikuwa bado naenda kazini na kurudi saa moja jioni, kwa hivyo laptop ilikuwa tu ya kuangalia picha za harusi za watu. Nilipostaafu nikanunua modemu, ile ndogo ya kuchomeka kando, nikaanza kuingia kwenye mtandao kila siku, na hapo ndipo nilipogundua kwamba brauza, yaani ile programu ya kufungulia kurasa za mtandao, inakufa. Na haifi ovyo, Mama Millicent. Inakufa Peres akiingia nyumbani.

Anafika kutoka Kinoo saa kumi na mbili jioni, hachelewi hata siku moja. Mimi huwa nimekaa mezani nasoma, mgongo umeelekea mlango, nasikia geti, nasikia viatu, mashine inaanza kunguruma kama kinu cha posho, ukurasa unaganda, mlango unafunguliwa, na brauza inajifunga yenyewe, linabaki lile ua jekundu ambalo Debra aliliweka kwenye kioo. Mara ya kwanza Peres alicheka. Mara ya pili aliuliza nilikuwa nasoma nini. Kufikia mara ya sita aliweka mkoba wake kwa kiti akasimama akiniangalia, na mimi nikabaki nimelikodolea macho lile ua kama mtu anayejifunza kupanda maua.

Kisha kuna kile kisanduku. Brauza ikifa inaleta kisanduku kinachouliza kwa Kiingereza kama unataka kutuma ripoti, na kuna kifungo cha kutuma na kingine cha kutotuma. Mimi kwa haraka hubonyeza cha kutotuma. Siku moja Peres alikuwa amesimama nyuma yangu na akasoma.

“Ripoti ya nani?” aliniuliza.

Nikamwambia ni ya kampuni. Akataka kujua karani aliyestaafu anaiandikia kampuni gani ripoti, na kwa nini haitumi mkewe akiwa amesimama hapo. Mpaka leo hata mimi sijui ni ripoti ya nini.

Nimejaribu kila kitu. Nimepangusa kioo kwa spiriti. Nimehamisha meza mara tatu nikifikiri pengine ni upepo wa mlango. Nilienda saiba moja hapa Uthiru, yaani duka la mtandao, wakaniambia niizime niiwashe, na nimeizima na kuiwasha mpaka kifungo kimelegea. Kila kitu kwenye mtandao kikiniuliza kama nakubali, mimi nakubali, kwa sababu nilifikiri nikikataa ndiyo itakufa kabisa, na sasa juu ya ukurasa kuna mistari kumi na tisa ya vifungo, mmoja ni wa hali ya hewa ya Uturuki, na nafasi iliyobaki ya kusomea haizidi upana wa rula. Jumamosi moja asubuhi nikamwita Peres, nikamketisha kando yangu, nikamwambia leo utaona vile inakufa. Tukakaa kuanzia saa nne mpaka saa sita, nikimfungulia kurasa za magazeti tu. Haikufa. Ilifanya kazi vizuri kuliko siku zote. Peres akainuka, akajifunga leso yake, akasema kumbe inaweza, na akaenda jikoni.

Tangu siku hiyo, na sasa ni wiki ya tano, chai yangu haina sukari, yeye analala chumba cha Debra, na haniiti tena Baba Debra. Ananiita Gerishon, kama polisi.

Najua unajiuliza kwa nini nisimwambie tu ninachosoma. Hapo ndipo ninapotubu. Mwaka wa 2004 nilileta batamzinga wanne bila kumwuliza, na mmoja alimfukuza pasta wetu uani mpaka akapanda juu ya boneti ya gari lake, akakaa huko na Biblia yake mpaka Peres alipokuja kumwokoa kwa ufagio. Mzee Ndegwa wa kanisa letu aliitwa, na mbele yake nikaapa kwamba sitaleta tena nyumbani mnyama yeyote mwenye miguu. Sasa, Mama Millicent, konokono hana miguu. Ninachosoma ni konokono. Kuna watu nchi za mbali wanaowafuga na kuwauza kwa mahoteli, na mimi nimesoma mambo yao yote, wanavyolala, wanavyotaga, wanavyopenda kabichi. Na si kusoma tu. Kuna kumi na wawili ndani ya karai kwenye stoo, chini ya gunia lenye maji maji, tangu mwezi wa tatu.

Peres amemwita kaka yake, shemeji yangu Were, atoke Kakamega, na amemwita Mzee Ndegwa, Jumapili hii saa kumi na moja jioni, na nimeagizwa nilete laptop mezani niifungue mbele yao. Ikijifunga, mimi ni mzinzi. Isipojifunga, wataona konokono, na mimi ni mvunja kiapo. Sijui lipi ni afadhali, na nimefikiria hata kuiangusha laptop iwe kama bahati mbaya. Nishauri.

Wako katika mashaka,
Gerishon, Uthiru

*

Gerishon,

Jambo la kwanza nililokuambia kwa simu, na ninalirudia hapa, ni kwamba uiweke hiyo laptop mezani polepole na uondoe mikono yako.

Wasomaji waelewe kwamba barua hii niliipata Jumanne, na gazeti letu hutoka baada ya hiyo Jumapili, kwa hivyo nilimpigia mwenyewe simu siku hiyo hiyo. Tuliyosemezana nayachapisha kwa idhini yako, Gerishon, na ya Peres, maana nimeambiwa ziko nyumba nyingi mjini hapa ambamo kompyuta inashtakiwa uchawi na mume anashtakiwa mambo mengine.

Pole, kwanza. Kudhaniwa mwovu ukiwa na kosa dogo tu ni jambo la kuumiza. Lakini pole yangu inaishia hapo, kwa sababu shida yako ya mashine ilikuwa ya kumalizwa kwa dakika kumi. Mimi kompyuta naijua kwa kuandikia tu, basi nilimpa barua yako Jackie, anayetengeneza mashine za ofisi yetu. Alisoma mara moja, akaniomba nikuulize Debra aliipanga ile programu ya virusi ifanye ukaguzi saa ngapi. Hukujua. Ukampigia Debra. Ni saa kumi na mbili jioni, kila siku, kwa sababu wakati ule baba yake alikuwa bado njiani kutoka kazini na mashine imekaa bure.

Sasa fuata maelezo ya Jackie. Laptop yako ni ya zamani na kumbukumbu yake ni ndogo, haiwezi kubeba kazi nyingi kwa pamoja. Mchana kutwa inabeba brauza yenye mistari kumi na tisa ya vifungo, na inajikokota hivyo hivyo. Saa kumi na mbili ukaguzi unaanza, ndiyo ile ngurumo yako ya kinu, mashine inalemewa, na cha kwanza kuanguka ni brauza. Jumamosi saa nne asubuhi hakuna ukaguzi, kwa hivyo haikuanguka. Na ile ripoti uliyokataa kuituma ni ya kuwaeleza waliotengeneza brauza kwamba imekufa. Peres hakuwa anaua kitu chochote. Peres ni mwanamke anayefika nyumbani kwa wakati wake, na wewe ukaenda kumlaumu upepo.

Ulifanya nilivyokuagiza na ninakupongeza kwa hilo. Debra alikuelekeza kwa simu, ukauhamisha ukaguzi uwe saa tatu asubuhi wakati uko nje, wala hukuufuta, maana virusi vipo kweli. Ukaingia kwenye orodha ya programu ukaitoa mistari yote kumi na tisa, mmoja mmoja, pamoja na Uturuki. Kisha ukaweka brauza ya toleo jipya. Ikianza kulemewa tena, mwambie fundi aiongezee kumbukumbu kabla hujafikiria mashine nyingine. Na kuanzia leo kitu cha mtandaoni kikikuuliza kama unakubali, soma kwanza. Kuikatalia kompyuta si kukosa adabu.

Lakini nilikuambia pia kwamba kutengeneza mashine si kutengeneza nyumba. Umemwacha mkeo alale peke yake wiki tano, akidhani kuna mwanamke, ili ulinde karai. Unajua hilo linaitwaje? Na usiniletee habari ya miguu. Jackie aliangalia, na konokono ana mguu mmoja, ndio huo anaotambaa nao, kwa hivyo hata kiapo chako ulikivunja kuanzia siku ya kwanza. Nilikuambia umweleze Peres Jumamosi, mkiwa wawili, kabla ya wageni. Ukasema ndiyo mama, nimeelewa mama. Jumamosi ukaenda kukata nyasi.

Basi Jumapili ikafika. Nimesimuliwa na nyinyi wawili, na maelezo yenu yanalingana isipokuwa pale unaposema hukutetemeka. Mzee Ndegwa aliomba. Shemeji yako Were akazungumza juu ya ukoo wao, juu ya ndoa, juu ya safari yake kutoka Kakamega, na alipomaliza ilikuwa imebaki dakika tano ifike saa kumi na mbili. Ukaifungua laptop. Watu wanne mkakaa mkiangalia saa ya ukutani, na Peres akiuangalia mkono wako ulioshika mausi. Saa kumi na mbili ikapita. Brauza haikufa. Na kwa kuwa ile mistari haikuwepo tena, ukurasa ulijaa kioo kizima, na juu yake konokono mkubwa kama sahani, pembe zimesimama.

Were akavaa miwani. Mzee Ndegwa akauliza mwanamke yuko wapi.

Na hapo, Gerishon, ukasema neno lako la kwanza la maana tangu mwezi wa tatu.

“Hakuna mwanamke, Peres. Ni konokono, na wako kwa stoo.”

Ukawapeleka. Ukafunua gunia. Kumi na wawili walikuwa wamezaa, na Were aliacha kuhesabu alipofika hamsini. Peres aliketi juu ya gunia la mahindi akacheka mpaka akashika mbavu, halafu katikati ya kicheko akaanza kulia, na wazee wawili wakatoka nje kuangalia geti. Unasema hukujua ufanye nini ukasimama tu na gunia mkononi. Ungeliweka chini gunia.

Hao konokono wataondoka. Peres amekupa mpaka mwisho wa mwezi na mimi naona amekuwa mwema. Usiwamwage shambani, watamaliza sukuma wiki ya Uthiru yote. Nenda ukaulize kwa ofisi ya kilimo nani anaruhusiwa kuwafuga, umpe. Kiapo chako kirudie mbele ya Mzee Ndegwa, na safari hii useme kiumbe chochote.

Nilidhani ushauri wangu umeishia hapo, mpaka Peres aliponipigia simu Jumatatu akiwa kibandani kwake. Alinishukuru. Akaniambia amerudi chumbani kwenu na sukari imerudi kwenye chai. Kisha akaniambia jambo ambalo wewe hukuniandikia kwa sababu hukuliona.

“Nilijishonea nguo ya kikao,” alisema. “Jioni nne nzima, zambarau, mikono mirefu. Nikasema kama naachwa, niachwe nikiwa nimevaa vizuri. Na hakuna mtu aliiangalia, Mama Millicent. Wote walikuwa wanaangalia konokono.”

Sikiliza basi, Baba Debra. Jumamosi hii ifunge hiyo laptop kwa mkono wako mwenyewe, saa tano asubuhi, kabla haijafikiria kujifunga. Vaa suti yako ya kazini. Mwombe Peres avae ile nguo, umpeleke mjini mle chakula cha mchana mahali penye vitambaa mezani, na mkitoka hapo msikimbilie nyumbani. Mtembeze Kenyatta Avenue polepole, upande ule wenye watu wengi, ili ile nguo ionekane.