Mabaka ya Saa Kumi

Jumatatu, 15 Julai

Chumvi nusu kijiko, maji vikombe viwili, nikiwa bado nimelala. Soksi ndefu za kubana, nikiwa bado nimelala. Kukaa ukingoni mwa kitanda, kuhesabu hadi mia. Kusimama. Moyo ukaenda mbio, ukatulia kidogo, nikaenda kubandika chai.

Mwaka wa tatu sasa tangu daktari wa Dodoma aniambie kwamba neva zinazoendesha moyo na presha zenyewe, bila mtu kuziamuru, zangu zinakosea. Nikisimama ghafla naanguka. Nimezoea. Nafundisha Jiografia nikiwa nimekaa kwenye stuli, na Kidato cha Pili nao wamezoea.

Jipya ni mkono. Saa kumi jioni, nasahihisha madaftari ofisini, mkono wa kushoto ukaanza kuwasha. Nikapandisha nguo. Mabaka matatu yamevimba, kingo nyekundu, katikati meupe, kila moja kama kizibo cha soda. Kufika saa kumi na moja hakuna kitu. Hata alama.

Labda mdudu.

Jumatano, 17 Julai

Si mdudu. Jana saa kumi. Leo saa kumi. Sijala samaki, sijala karanga, sabuni ni ileile.

Jana niliyazungushia peni yalipokuwa bado yamevimba. Leo sikuuosha mkono ule, nilitaka kuona. Yameota ndani ya mizunguko ileile. Hayakuvuka mstari.

Nimefuta wino kwa mafuta ya taa. Sitaki kuuona.

Ijumaa, 19 Julai

Mama Komba ameyaona. Nilikuwa naanua nguo uani, mikono ya gauni imekunjwa kwa kusahau. Huyu ndiye mwenye nyumba wangu, miaka miwili tunaishi vizuri, nikipika pilau anapata na yeye akichemsha viazi napata. Alinishika kifundo cha mkono.

"Mwalimu, haya yanakuja saa ngapi?"

"Saa kumi."

Akauachia mkono. Akauliza kama nyumbani kwetu Singida kuna mtu niliyegombana naye. Nikasema hakuna.

"Basi ni wa hapahapa," akasema, akaingia ndani.

Nilikasirika. Nimesoma, nafundisha watoto kwa nini mvua inanyesha. Kisha nikaenda kuangalia nyuma ya mlango wangu na chini ya godoro. Nimejidharau sana.

Jumatatu, 22 Julai

Nimeanguka darasani. Niliinuka kuonyesha Ziwa Nyasa kwenye ramani. Giza, sakafu. Nilipozinduka wasichana walikuwa wameniinulia miguu juu ya kiti kama nilivyowafundisha, halafu wote wamerudi nyuma hadi ukutani. Mmoja analia. Nikashika uso. Umevimba. Mabaka kuanzia shingoni hadi kwenye kope, na ilikuwa saa nne asubuhi.

Mkuu wa shule aliongea kwa upole. Nisirudi bila barua ya daktari. "Wazazi wataanza kupiga simu, Mwalimu Rehema. Unaelewa."

Naelewa. Naogopa.

Jumanne, 23 Julai

Hospitali hapa Songea tangu asubuhi. Foleni ndefu. Daktari ni kijana na ni mkweli. Alisema watu wenye neva kama zangu, baadhi yao hutokwa na mabaka, na sababu haijulikani vizuri. Kwa nini saa ileile? Hajui. Amenipa dawa za aleji na barua ya kupumzika wiki mbili. Nilitaka aseme anajua.

Nikarudi kwenye benchi kusubiri dawa. Pembeni yangu mwanamke amejifunga kitenge hadi kidevuni, amepandisha miguu yote miwili juu ya benchi. Hakuna mtu anayekaa hivyo hospitalini isipokuwa mimi.

Nikamuuliza kwa sauti ya chini: "Unaanguka ukisimama?"

"Nani kakuambia?"

Anaitwa Yustina. Ameolewa kijijini Mpitimbi, ana mtoto wa miezi saba. Akaangalia kushoto, akaangalia kulia, akafungua kitenge. Mkono wa kushoto. Mabaka matatu, yanaanza tu.

Wangu ulikuwa mtupu. Nikatazama saa ya ukutani, saa kumi kamili, kisha mkono ukawasha. Tulikaa tunaangalia yakivimba, yake na yangu, pale pale, kwa mpangilio mmoja.

Mama mkwe wake akatoka dirisha la dawa, akamvuta kiwiko. Mimi na Yustina tuliwahi kupeana namba za simu.

Alhamisi, 25 Julai

Dawa zinanipa usingizi. Mabaka yamekuwa madogo, lakini saa hawajasahau.

Nimeandika "hawajasahau" kama ni watu. Nimeacha hivyohivyo.

Yustina amepiga, anaongea kwa kunong'ona. Mama mkwe ametupa dawa zake chooni. Ndama wao amekufa wiki iliyopita, na majirani wanasema yale mabaka ni alama, kuna kitu kinamjia kila siku saa kumi. Mume wake Festo yuko Mafinga kwenye kazi ya mbao, simu haipatikani. Jumapili ukoo unakaa kikao. Watamrudisha kwao. Mtoto atabaki.

"Bado ananyonya, dada."

Nikamuuliza kwa nini ananiambia mimi. Akasema kwa sababu mimi ni mwalimu na ninayo.

Jumamosi, 27 Julai

Sitaki kwenda Mpitimbi kesho. Ni mambo ya ukoo wa watu. Mimi mgeni, Kingoni sijui hata cha kuombea maji. Wakiuona mkono wangu watasema wachawi wako wawili. Na habari zitarudi Msamala, mtaani kwetu, kabla yangu.

Saa kumi nilikaa kitandani kusubiri. Hayakuja. Mara ya kwanza tangu yaanze.

Nilipaswa kufurahi. Nikapata wazo kwamba kwake kuna kitu kimetokea. Nikapiga. Simu imezimwa. Nikapiga mara sita.

Jumapili, 28 Julai

Nimekwenda. Naandika nimelala, miguu juu ya mto.

Nilikodi pikipiki hadi Mpitimbi. Upepo wa baridi, vumbi. Njiani moyo ulinishinda, nikamwambia dereva asimame, nikalala kwenye majani kando ya barabara mpaka dunia ikatulia. Yeye alisubiri mbali.

Uani kwa Mzee Mapunda, baba mkwe wa Yustina, mahindi yameanikwa na wazee watano wamekaa. Yustina yuko peke yake kwenye mkeka, mzima. Walikuwa wamemnyang'anya simu. Mtoto yuko mgongoni kwa bibi yake, analia.

"Shikamooni."

"Marahaba." Mzee Mapunda akaniuliza mimi ni nani. Nikaomba kukaa kwanza. Nikawaeleza: jina, shule, Singida, moyo, kuanguka, chumvi. Nikavua soksi nikawaonyesha. Kisha nikakunja mkono wa gauni hadi begani, mbele ya wanaume wale. Sijawahi kufanya hivyo. Nikamwambia Yustina naye afungue. Nikasema saa kumi waangalie.

Saa kumi ikafika. Hakuna kitu.

Mzee mmoja akasema jambo kwa Kingoni, wengine wakaguna. Nilitamani kufa. Jana hayakuja kabisa, na dawa nimemeza. Dakika moja. Mbili. Niliyaombea. Kitu nilichokichukia kuliko vyote, nilikiombea kije.

Yakaja. Kwake na kwangu kwa pamoja, matatu na matatu. Mzee Mapunda aliinama mpaka nikasikia pumzi yake mkononi.

Mama mkwe akasema, "Si ndiyo hayo. Sasa ni wawili."

Nikamjibu, "Mama, mimi na nyie hatujawahi kuonana. Sina shamba hapa, sina ugomvi hapa. Ndama wenu akifa, kwa nini mimi niote mabaka Songea mjini?"

Mzee Mapunda alitazama mikono yetu muda mrefu. Mwishowe akasema haelewi anachokiona, lakini kama mwalimu anatibiwa hospitali, mkwe wake naye atatibiwa hospitali. Na mtoto hawezi kutenganishwa na ziwa kwa kitu ambacho hakuna anayekielewa.

Mama mkwe hakusogea. Mtoto analia. Kisha akafungua mbeleko, taratibu, akampeleka mwenyewe hadi mkekani. Alipita mbali na mkono wangu. Hakuwa na ubaya, alikuwa na woga. Nilikuwa nao mimi mwenyewe, chini ya godoro langu.

Jumatano, 7 Agosti

Nimerudi kazini na barua. Wanafunzi walinisalimia kwa mbali siku ya kwanza, leo wamekaribia.

Mabaka yamekoma tangu Ijumaa. Nilimpigia Yustina kumwambia. Kabla sijasema akasema, "Dada, yamekoma." Lini? Ijumaa.

Nilimweleza daktari. Aliweka peni chini. Hakuandika.

Jumapili, 18 Agosti

Yustina amekuja na Festo, ambaye amerudi kutoka Mafinga ili ampeleke kliniki. Festo akaenda Majengo kununua misumari. Sisi tukakaa uani juani, miguu juu ya viti, tukanywa chai. Tumeongea kuhusu mahindi, meno ya mtoto, bei ya sukari. Hatukuongea lile.

Saa kumi ikaja. Tulishusha vikombe wote wawili bila kuambiana. Ikapita.

Mtoto alitambaa hadi kwangu, akaushika mkono wangu wa kushoto kwa nguvu ili asimame. Akasimama kidogo, akaanguka, akacheka. Vidole vyake viliacha alama nne. Niliziangalia. Yustina naye alikuwa anaziangalia.

Zikafifia, kama kwenye ngozi ya mtu yeyote.