Kimo cha Dari

4 Februari

Kwako binti yangu Grisi,

Salamu nyingi. Natumaini wewe, mume wako na wajukuu zangu hamjambo. Mimi sijambo, ila magoti yamegoma, na sikio la kulia nalo limefuata la kushoto. Ndiyo maana naandika. Ile simu uliyopiga Jumapili nilisikia kikohozi chako tu, mengine nikawa naitikia "ndiyo, ndiyo" kama mtu anayeozeshwa.

Sasa cheka mapema umalize. Nataka mashine ya kuinulia gari. Ndiyo, mimi, yule aliyekuwa akisema fundi asiyelala chini ni karani. Kulala chini bado naweza, kuinuka ndiyo kazi. Wiki iliyopita nilimaliza breki za teksi nikabaki palepale chini ya gari, mpaka dereva alipokuja akanivuta miguu. Alidhani nimesinzia, sikumsahihisha.

Huko kwenye gereji yenu ya mabasi mashine hizo mnazo. Nichagulie moja itakayoingia hapa nyumbani. Mwenye matairi wa jirani ananizungukazunguka, anataka nimwachie gereji aweke mali yake. Nisipoweza kufanya kazi nimesimama, ataipata. Sitaki aipate.

Mimi baba yako.

15 Februari

Baba mpendwa,

Shikamoo. Huku sote wazima, mjukuu wako mdogo ameota jino la kwanza. Pole na magoti.

Nimecheka sana, halafu nikalia kidogo. Sikudhani nitaishi kuiona siku hii.

Mashine zipo za aina tatu. Ya nguzo mbili inashika gari kwa mikono minne chini ya tumbo, magurudumu yananing'inia, unafungua chochote unachotaka. Lakini inadai zege nene na dari ya juu. Ya nguzo nne, gari linapanda juu ya reli mbili. Ni tulivu, ila magurudumu yanabaki yamekanyaga reli, kwa hiyo kazi ya breki ni mateso. Ya mkasi inakunjuka kutoka sakafuni na kuishia kiunoni, utafanya kazi umekaa kwenye kistuli. Nakuona hapo umekunja uso.

Nitumie unene wa zege na kimo cha dari kutoka sakafuni. Na naomba kingine kikubwa kuliko hivyo. Mpaka mashine ifike, usiingie chini ya gari lililokaa juu ya jeki na matofali. Nakujua, Baba. Nawaza hilo kila ninapovaa ovaroli.

Mwanao, Grisi.

27 Februari

Grisi mwanangu,

Hujambo? Mwambie mjukuu asianze kuuma watu kama mama yake.

Zege nimelitoboa pembeni. Tindo imeingia kiganja kizima na ushee kabla ya kugusa udongo. Nililimwaga mwenyewe, marehemu mama yako akikoroga mchanga na kuniuliza kama najenga uwanja wa ndege.

Dari nimeipima kama nilivyopima maisha yangu yote: mimi nimesimama, mkono juu, spana ndefu ya lori mkononi. Kati ya ncha ya spana na dari pana viganja viwili. Kimo changu unakijua, spana unaijua, piga hesabu. Tepu ilikufa zamani, na sijawahi kuihitaji.

Nataka nguzo mbili. Zile nne wapelekee wanaoegesha magari ya kutazama. Kistuli usinitajie tena.

Kuhusu jeki, nimekusikia.

Baba yako.

10 Machi

Baba,

Shikamoo. Sisi hatujambo, nawe natumaini hivyo, ingawa natumaini kwa wasiwasi.

Nimepiga hesabu mara mbili, kisha nikaweka kalamu chini. Kwa vipimo vyako mashine ndefu kabisa inaingia na nafasi inabaki. Lakini dari ile tuliipaka rangi mimi na wewe, siku chache kabla sijahamia huku. Uliinua spana hiyohiyo kunionyesha palipobaki, ncha ikagonga dari, rangi ikakudondokea usoni. Tulicheka mpaka mama akatoka jikoni kuuliza nani kaumia. Spana iligusa, Baba. Sasa viganja viwili vimetoka wapi?

Dari haipandi na spana haifupiki. Nilisimama na wazo hilo chini ya basi mpaka mkuu wa karakana akaniuliza kama naumwa. Tafadhali simama wima, upime tena, halafu niambie ukweli. Mgongo wako ukoje? Umekwenda kwa daktari?

Naogopa.

Mwanao.

2 Aprili

Mwanangu,

Salamu, na pole kwa kusubiri. Nimechelewa kwa sababu nilitaka nikuongopee vizuri, ila sikupata uongo wa kutosha.

Nilipima tena, vikawa viganja vitatu. Nikasema labda sakafu imezama. Nikamwita dereva teksi aje aitazame sakafu. Akanitazama mimi.

Kwa daktari nilikwenda kabla ya ile barua ya kwanza. Mifupa ya mgongo inalika, pingili zinakaliana. Hakuna kurudi juu, ni kushuka polepole tu. Amenikataza kubeba hata ndoo ya maji. Sikukwambia kwa kuwa ungesema nifunge gereji, na ungekuwa na haki.

Maadamu nimefunguka, niseme na la pili. Mashine ile siitafuti kwa ajili yangu. Hata gari likiinuliwa mpaka mawinguni, mikono yangu haina tena nguvu ya kulegeza nati iliyoshika kutu. Nilifikiri ukisikia gereji ya baba yako ina nguzo mbili kama za huko kwenu, utarudi uishike. Fundi wa daraja lako siwezi kumwita aje alale kwenye zege. Nilitaka uone kwamba hapa pana mahali pako.

Rudi nyumbani, Grisi. Hilo ndilo nililokuwa nakuuliza tangu mwanzo, mengine ni kuzunguka mbuyu.

Mimi baba yako.

20 Aprili

Baba mpendwa,

Shikamoo. Pole, pole sana. Barua yako niliisomea chooni kazini, nikanawa uso, nikarudi kwenye basi.

Nimezungumza na wauzaji. Kwa kimo chako cha zamani, ile yenye boriti ya kuunganisha nguzo kwa juu haitaingia. Ipo fupi, kebo zake zinapita sakafuni chini ya bamba la chuma, gari linaruka kigongo kidogo tu likiingia. Zege lako linatosha. Je, umeme wa nyumbani ni wa fezi moja au tatu? Mota zinatofautiana. Mikono ipo ya kukunjuka mara mbili na ya mara tatu, mimi napendelea ya mara tatu kwa magari madogo kama ya dereva teksi. Na rangi, ziko nyekundu na bluu. Ipi unapenda? Bluu inaficha mafuta.

Nijibu mapema ili nijue cha kuwaambia.

Mengine tutazungumza. Baba watoto anakusalimu sana. Kunywa dawa.

Mwanao.

30 Juni

Grisi mwanangu,

Hamjambo nyote? Mimi nipo. Dawa nakunywa, zinanipa usingizi wa mchana.

Barua yako niliisoma, kisha nikairudia nikitafuta jibu la nilichouliza. Nikakuta mota na rangi. Sikulaumu hata kidogo. Una mume, una watoto shuleni, una kazi ya heshima. Nilisubiri mwezi mmoja kwa adabu na mwingine kwa ukaidi, halafu nikachoka.

Gereji nimemwachia mwenye matairi. Yeye hahitaji mashine yoyote, matairi yanapangwa tu mpaka juu. Rafu zangu za vifaa amezing'oa juzi, na mashimo ya misumari ameyaziba vizuri. Si mtu mbaya. Ameniwekea kiti langoni, wateja wa zamani wakija nawaelekeza kwa fundi wa barabara ya pili. Wengine hawanitambui mpaka niseme kitu. Jua likikaza naingia ndani.

Nilitaka uyasikie kwangu kabla dereva teksi hajakusimulia kwa chumvi yake. Usiagize kitu.

Wasalimie wajukuu.

Baba yako.

9 Julai

Baba yangu,

Shikamoo. Sikuulizi hali, kwa sababu utaniandikia kwamba upo.

Jibu nilikuwa nalo tangu nilipoisoma barua yako kule chooni. Jibu lilikuwa siwezi. Watoto wamezoea huku, kazi ya baba watoto iko huku, na mimi mwenyewe, Mungu anisamehe, napapenda. Nikaona haya kukuandikia hivyo wakati mgongo wako unalika, nikakujazia karatasi kwa mota na rangi. Nikakuacha usubiri miezi miwili kitu nilichokijua siku ile ile. Najilaumu, na najua utasema nisijilaumu, lakini niache.

Sitakwambia uhamie kwetu. Ungekataa, na mimi ningeshukuru moyoni kwamba umekataa, halafu ningejichukia.

Nimeomba likizo. Nafika Jumamosi ya mwisho ya mwezi huu kwa basi la asubuhi. Sina mashine wala kifaa chochote, nakuja na begi la nguo tu. Mwambie mwenye matairi aongeze kiti cha pili hapo langoni. Nitakaa nawe wiki mbili. Zaidi ya hapo siwezi, Baba, na safari hii nimekuandikia wazi.

Mwanao.