Nilimugusa Malkia

Ndosho, Goma, siku ya kazi ya tatu (Jumatano)

Yaya Evariste, kaka yangu mukubwa,

Nianze na ile sijaambia mutu hata mumoja, hata padri ku kitubio: nilidanganya, na mutoto wa wenyewe aliitwa mwizi juu yangu. Sasa nikusalimie, maana mama angenigombeza. Uko muzima? Mama mudogo wa huko Butembo naye? Sisi tunapumua. Mama anasema uvae koti. Silaha za upande wa Sake tunazisikia kila asubuhi, mpaka tumezizoea kama mashine ya kusaga.

Unamukumbuka Madame Ruolan, ule Mushinwa wa kutoka China mwenye bwana yake anatengeneza barabara. Watoto wakimupigia kelele "Ee Mushinwa!", anawajibu "Ee Mugoma!", wote wanacheka. Kumbe kwao ni mutu mukubwa. Anatufundisha watoto wa parokia sataranji, ile tunaita échecs. Alituambia wakati yeye alitaka kuijifunza, mwalimu alimutuma achemshie wanaume chai. Akachemsha mwaka muzima, akiangalia muchezo juu ya mabega yao. Kisha akawapiga wote. Ni yeye musichana wa kwanza wa muji wao kupata cheo cha fundi, na wasichana aliofundisha baadaye hawahesabiki.

Siku moja, ku mashindano makubwa, alikuwa anashinda, akagusa farasi bila kufikiri. Kwa muchezo huu, chenye umegusa ndicho utacheza. Hakuna aliyeona. Akasema mwenyewe: nimegusa. Akapoteza kikombe. Tukamuuliza kama hakujuta. Akajibu kwamba alijuta sana, alilia wiki mbili, hata chai haikupita.

Yaya, hiyo hadithi niliisikia na masikio yangu.

Sasa kampuni ya bwana yake inawatoa juu ya vita. Anaweza kuenda na mutoto mumoja Kampala, ku shule ya sataranji ya mwanafunzi wake wa zamani, alale na kusoma kule. Tulibaki wawili wa kushindania hiyo nafasi: mimi na Umugwaneza, ule mwenye kusema Kinyarwanda kama waasi wa upande wa Sake, alikimbia Masisi na mama yake, wanalala ku camp ya wakimbizi. Anacheza kunishinda, nakuambia ukweli.

Siku ya posho, Jumamosi, tukacheza ku salle ya parokia. Nikashika malkia, nikaona nikimusukuma ataliwa, nikarudisha mukono. Umugwaneza akasema polepole: umegusa. Madame alikuwa ku mulango na telefone, wanamupigia juu ya mabomu. Akarudi, akaniuliza. Mimi mwenye kushindwa kuitika "présent" ku darasa, nikasema kwa sauti: sikugusa!

Hilaire, mutoto wa katekista, akaruka: "Si niliwaambia? Ndugu zake wanatupiga mabomu kule, ye anatuibia hapa!" Wengine wakapiga makofi. Madame akamufunga Hilaire kinywa, lakini akamuambia Umugwaneza aniombe musamaha. Akakataa. Hakumuangalia Hilaire, aliniangalia mimi. Akachukua kandambili zake, akatoka. Ku liste ya kuenda Kampala wakaandika jina langu.

Jana bomu limeanguka karibu na camp. Fabiola, jirani yetu mwenye kuuza makala ya kupikia kule, anasema Umugwaneza ni muzima, lakini hema yao imepasuka na wanalala inje.

Mama amenisuka jana akiimba. Anasema sasa mutoto wake mumoja atalala bila kusikia silaha. Nikisema, nabaki. Nikinyamaza, navuka mupaka ku Grande Barrière leo saa sita, na Umugwaneza anabaki na jina la mwizi.

Gari ya Madame imesimama. Nasikia viatu vyake ku mawe. Toka asubuhi kila mutu akipita naficha hii karatasi chini ya godoro. Kwa kinywa sitaweza, unanijua. Lakini Madame anasoma Swahili, polepole, na kidole. Sifichi tena. Naiacha hapa juu ya meza.

Usalimie mama mudogo na watoto wote. Ukisikia niko bado Ndosho, usinililie, umulilie mama.

Yaya, unisamehe, mistari hii si yako. Madame, hema yao iko nyuma ya bomba ya maji, sheeting ya bulu, ile turubai, imeshonwa na kamba nyekundu. Mama yake anaitwa Nyirakamana. Saa sita haijafika.

Dada yako,
Kavira Charline