Jina la Fundi Redio

Kaka,

"Fundi Redio hakufa vitani, kwa hiyo jina lake halisomwi." Ndivyo ulivyoniambia kwenye simu, kisha ukahamia habari za viti vya mkutano wa mwaka wa kikosi chetu.

Sikubali. Shemeji yetu huyo alirudi nyumbani, ndiyo, lakini kwa miaka alilala amekaa, viatu miguuni, mgongo umeegemea mlango. Dada alijifunza kumwita kwa mbali kabla ya kumgusa. Mwisho akajitoa uhai. Kama hiyo si vita, ni nini? Au siku hizi kamati inatoa vibali vya kufa?

Ukumbi umepatikana. Mama anauliza kama utakuja na watoto.

Dada ameniuliza neno moja tu: "Mtamwita?"

Jumamosi msomaji wa majina ya marehemu ni mimi, na kwa kila jina kikosi kizima huitikia "Yupo", kama kawaida yetu. La mume wake nitalisoma, uliandike usiliandike kwenye orodha. Dada atakuwa amekaa mstari wa mbele, anasikiliza. Wewe, na wanakamati wenzako utakaowaonyesha barua hii: itikieni.

Mdogo wako