Chambo cha Safari ya Ziwani

Baba Kwamboka,

Ugali uko kwenye sufuria. Usifungue friza kabla hujasoma hapa.

Vile visamaki vyako vimeliwa. Nilivikuta asubuhi, nikadhani hatimaye umenitafutia omena huku ughaibuni. Nikavikaanga na nyanya, nikala na Kwamboka huku nikikusifu, mpaka Kuria wa kiwandani kwenu akapiga simu: "Shemeji, chambo chetu cha leo jioni kiko tayari?" Nikamjibu kiko. Mdomo umejaa.

~~Ungeniambia mapema.~~ Kosa ni langu. Ndiyo mara ya kwanza wenzako wa kiwandani kukualika kuvua samaki, na walikuachia kazi hiyo moja tu.

Nimekimbilia madukani barabara ya Kipling kutafuta minyoo ya chambo. Nikikosa, nitawaambia mwenyewe.

Beba sweta, huko ziwani kaskazini kumeshaanza baridi.

Nimekubakizia vichache chini ya sahani. Nisamehe, vilikuwa vitamu.

Mama Kwamboka