Kipa Aliyevaa Kochi

Jumamosi, 26 Oktoba

Tumeshinda tena. Mbili kwa moja. Sauti sina, debe langu la kushangilia limebonyea, kidole gumba kimevimba. Sijali. Wanaosema mpira wa magongo si mchezo waje wasimame mbele ya ule mpira. Mgumu kama jiwe, na unakuja chini chini unatafuta kifundo cha mguu.

Tukio la leo: kaka Meki, kipa wetu, mtoto wa baba mkubwa, kalala chini mzima mzima akautoa mpira kwa ncha ya kiatu. Ncha! Nikawaambia mashabiki wa upande wa pili wakusanye vyao waende. Mmoja akanitukana kwa Kichagga. Nikamjibu kwa Kichagga kizuri zaidi.

Timu yetu ya Migomba haijawahi kufika fainali. Mwaka huu inafika. Nimeandika hapa ili baadaye nijisomee nicheke.

Jumatatu, 28 Oktoba

Kazini. Nimepigilia stapla mpaka mkono unacheza wenyewe. Fundi Wilbard kanisifia, yaani hakunigombeza. Hapa Soweto ya Moshi hakuna fundi makochi anayemfikia, na baada yake ni mimi. Hilo la pili yeye hajalijua. Alishaniambia nikikosea tena narudi kwa mama kukata majani ya ng'ombe. Lile kosa la gundi siliandiki.

Jioni habari mbaya. Shule iliyotuazima kinga za kipa imezichukua. Zile kubwa za miguuni. Mkuu mpya anakusanya vitu vyake. Refa haruhusu kipa asimame golini bila kinga, na hata angeruhusu, mimi nimeuona muundi wa Meki. Una mabonde kama barabara ya kwetu.

Hakuna duka Moshi linalouza vitu hivyo. Msimu umekufa. Nina hasira na watu wote.

Jumatano, 30 Oktoba

Nina akili kuliko waliomaliza Fomu Foo. Mimi niliishia Fomu Tuu. Naandika tena: nina akili.

Juu darini, hapa karakana, kuna sponji ya Mama Happy wa Old Moshi. Tunamtengenezea seti nzima, maana Jumapili ya tarehe 24 Novemba wakwe wa binti yake wanakuja kuleta mbege, pombe yetu ya ndizi, ya posa. Sponji kaileta mwenyewe. Si hii yetu ya njano, inayokaliwa mwezi ikawa chapati. Hii ngumu, nzito, ina madoa ya rangi rangi kama makombo ya vitenge yaliyogandishwa. Mkwe wake mtarajiwa ndiye aliyeivusha kutoka Kenya, mpaka wa Tarakea. Mji huu hakuna nyingine.

Fundi kasema seti hiyo tutaijaza mwishoni kabisa.

Nimechukua vipande viwili vya kukalia. Sikukata hata kidogo. Nimevikunja, nimevivalisha mabaki ya ngozi ya bandia, nimefunga mikanda ya mabegi chakavu. Meki kavaa, nikampiga gongo la muundi kwa nguvu zangu zote. Kacheka.

Vitarudi darini kabla ya hiyo Jumapili. Nani atajua?

Jumamosi, 2 Novemba

Meki kaingia uwanjani anatembea kama mtu aliyeshuka kwenye punda sasa hivi. Kicheko uwanja mzima. Mashabiki wa wapinzani wakaanza, "Kipa wao kavaa kochi! Kipa wao kavaa kochi!"

Nikapiga debe. "Karibuni mkae!"

Upande wangu wote ukadakia. Kila mpira ukigonga kinga, karibuni mkae! Na ile sponji hairudishi mpira mbali. Unaanguka hapo hapo, Meki anausukuma pembeni kama anafagia uwanja wa kwao. Mshambuliaji wao mmoja alisimama akaushangaa mpira kabisa.

Moja bila. Mpaka sasa hili ndilo tukio langu la msimu, na nimelitengeneza mwenyewe kwa stapla.

Alhamisi, 7 Novemba

Mama Happy kaja bila kutegemewa. Shikamoo mama, marahaba baba, sponji yangu iko wapi? Vipande viwili vilikuwa kwa Meki, vinakauka jasho.

Nikamwambia imelala juu, mama, isije ikashika vumbi. Akataka kupanda ngazi. Mama wa watu, kitenge kipya, anataka ngazi! Fundi akamzuia, akamwambia ngazi mbovu. Ngazi nzima kabisa. Nadhani alimwonea haya tu.

Akakaa kwenye fremu tupu akatueleza. "Babu wa upande wa mkwe ana mgongo. Ndiyo maana nimetaka ngumu. Asije akazama, akashindwa kunyanyuka mbele za watu, ikawa aibu ya Happy."

Nikasema hatazama, mama.

Leo sijala.

Jumamosi, 16 Novemba

TUPO FAINALI. Nusu fainali imeisha moja bila, bao dakika za mwisho kabisa, nimemkumbatia mtu nisiyemjua na nimepoteza kandambili moja.

Sasa upande wa pili wa habari. Kinga ya mguu wa kulia imeanza kuachia mshono. Na fainali ni Jumamosi tarehe 23. Wakwe ni Jumapili tarehe 24. Nilijua toka mwanzo fainali iko karibu karibu na hapo, ila sikutaka kuitazama kalenda.

Tunacheza na Tarakea. Wana mtu wanamwita Nyundo. Nimemwona leo kwenye mechi yao. Akipiga, mpira huuoni, unausikia tu.

Jumanne, 19 Novemba

Fundi kasema tuanze kujaza ya Mama Happy. Nimeanza na mikono ya makochi, nikaja migongo, taratibu kama mgonjwa. Kaniuliza mbona leo nashona kama bibi harusi. Kasema Jumamosi jioni seti inapanda gari kwenda Old Moshi, imekamilika, na atakayemwangusha kwa yule mama asikanyage tena hapa. Alikuwa ananiangalia mimi. Hakuna mwingine wa kumwangalia, tuko wawili.

Jioni nikaenda kwa Meki kumwambia kinga zirudi. Nilikuwa nimeshapanga maneno. Nikamkuta anafanya mazoezi kwenye tope, analala kulia, analala kushoto. Akaniambia, "Dogo, nikwambie kitu usicheke. Miaka yote nilikuwa nauogopa ule mpira. Nilikuwa nafumba macho. Sasa hivi sifumbi."

Sikucheka. Nimerudi mikono mitupu.

Naogopa. Ndiyo, mimi.

Ijumaa, 22 Novemba

Mvua. Makochi yote tayari isipokuwa lile refu, nafasi ya katikati na ya pembeni. Nimelifunika turubai. Fundi kapita, kaliangalia turubai, kaenda kunywa chai.

Mvua bado.

Jumamosi, 23 Novemba

Vidole vinanuka gundi na tope. Naandika haraka kabla sijalala.

Mechi ilianza kwenye manyunyu. Moja moja. Nyundo alifunga lao, Meki hakulaumika, hata ukuta usingelaumika. Baada ya hapo akampigia mingine, sikumbuki mingapi, yote ikafia kwenye sponji yangu. Karibuni mkae! Debe langu lilijaa maji, likawa linatoa sauti ya sufuria.

Penalti. Tumepata wote, tumekosa wote, mpaka tukatangulia kwa moja na ikabaki ya mwisho ya Tarakea. Nyundo. Akikosa, sisi mabingwa. Nilitaka kufumba macho. Nikamkumbuka Meki nikaacha wazi.

Kapiga. Mguu wa kulia. Ngozi ikapasuka kutoka goti mpaka chini, mpira ukazama kwenye sponji ukabaki humo humo. Refa kaja, kachungulia, kapuliza. Hakuna goli.

Mabingwa!

Watu wakavamia uwanja. Mimi nilikimbia kuliko wote, lakini si kwa furaha. Madoa ya rangi yalikuwa yanachungulia, uwanja mzima unayaona. Nikavua shati kufunika mguu wa Meki. Nilichelewa. Nyundo alikuwa ameshachuchumaa, anaiminya ile sponji kwa vidole, anaigeuza.

"Meku," akaniambia, yaani mzee kwa Kichagga, pole pole kabisa. "Hii nimeivusha mimi, kwa mikono yangu. Ya kwa mama mkwe. Imefikaje hapa?"

Mimi, mwenye maneno ya mji mzima. Nikasema, "Tumeiazima."

Akainuka. Akaenda kwa wenzake.

Wengine wanaimba, mimi nakimbia na sponji kichwani. Nafika karakana, Fundi kaenda kuleta gari. Kipande cha kushoto kina unyevu kidogo tu. Cha kulia kimekunywa uwanja wote. Nimekisuuza tope, nimekikanyaga kama mtu anayefua blanketi, kila nikikanyaga kinatoa maji mengine. Hakuna jua. Hakuna muda. Nikakiweka katikati ya kochi refu, kile cha kushoto pembeni, nikavuta kitambaa, nikapigilia, nikafunga nailoni juu ya seti yote ionekane mpya. Fundi kaja, kakalia kila kochi juu ya nailoni. Kafika lile refu, pale katikati. Kakaa. Nikamwangalia mdomo.

"Imetulia," akasema.

Tumepakia, tumepeleka Old Moshi. Mama Happy kafurahi, machozi yanamlenga. Kaniambia, "Baba, kesho njoo utusaidie kugawa vinywaji, vijana hapa hakuna." Fundi akanijibia, "Atakuja."

Sisi ni mabingwa. Nilidhani usiku wa leo nitakuwa nimelewa.

Jumapili, 24 Novemba

Asubuhi jua. Mlima umetoka mzima, mweupe juu. Nilipofika nailoni ilikuwa imeshatolewa. Kwa macho huoni kitu.

Wakaja saa nane, baada ya misa na chakula cha njiani. Wanawake na vibuyu vya mbege, wazee na makoti. Nyundo nyuma yao, koti, suruali ya kijivu, imepigwa pasi. Nilikuwa nimesimama mlangoni na sinia. Aliniona kabla sijageuka.

Mama Happy akamshika mkono babu yao, yule wa mgongo, anampeleka kwenye kochi refu. Katikati, mahali pa heshima. Mimi najua atakachokalia.

Nyundo akapita mbele yao. Akaweka kiganja pale katikati kama mtu anayefuta vumbi, akaminya, akakifuta kwenye suruali. Akanitazama mimi. Nikatazama sinia.

"Babu, kaa hapa pembeni," akasema. "Utapata pa kuegemeza mkono."

Babu akakaa pembeni. Katikati akakaa yeye.

Watu wakasali. Washenga wakazungumza, wakataniana, mbege ikazunguka. Mimi nilimhudumia kila mtu. Nilipofika kwake aliinua mikono miwili akapokea, akashukuru, hakusogea. Wenzake walimwita nje wapige picha na mlima, akasema mtangulie. Happy mwenyewe alipoingia watu wakasimama wakipiga vigelegele, yeye akanyanyuka kidogo tu, mgongo umeelekea kochi, akakaa tena.

Jua lilipokuwa linashuka wakaaga. Alitoka wa mwisho, koti amelivua, amelifunga kiunoni, limefunika nyuma yote, kama mtu anayesikia joto. Palikuwa na baridi. Akanipita mlangoni.

"Kipa wenu," akasema, "hafumbi macho."

"Hafumbi," nikasema.

Akaenda.

Nimebaki kuosha vikombe. Mama Happy kaja jikoni, kachoka, kafurahi, kakaa kwenye kigoda anasugua miguu.

"Umemwona mkwe wangu alivyolipenda lile kochi?" akaniuliza. "Hata hakutaka kunyanyuka."

Nikasema nimemwona, mama.