Bundi wa Shangazi Sidi

Jilore

Shangazi Sidi,

Shikamoo. Sisi huku wazima, na muhogo umeshika vizuri. Pole na joto la Kikambala.

Jumamosi niliwafundisha majirani habari za ndege kando ya mto Sabaki. Nilianza na furukombe, yule tai mla samaki, kwamba akitoweka ujue samaki wamepungua na mto unaumwa. Kisha nikawagawia vitonge ambavyo bundi hutapika, nilivyoviokota chini ya paa lako. Walisita kuvigusa. Mzee Kazungu akapasua chake, akakuta mafuvu manne ya panya. Akasema, "Kumbe alikuwa akinilindia mahindi."

Ndiye yule aliyewaongoza waliokuita mchawi kwa kuwa bundi alikaa kwako, hata ukahama.

Nakushukuru, shangazi. Kupasua vitonge hivyo nilifundishwa na wewe nikiwa mdogo, na niliwaambia hivyo wote.

Jana mzee alileta makuti, akaezeka upya paa lako lililooza. Radhi hakuomba. Ila pembeni ameacha tundu, nikamuuliza la nini.

"La bundi," akasema. "Sidi akirudi asimkose."

Mwanao anayekungoja,
Kahonzi